Siri ya Mtungi, na Mama Aliyemimina Kahawa

Nilikosea tangu mwanzo, kwenye kuchagua watazamaji. Sebuleni kwangu usiku ule tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, mdogo wake wa kiume ambaye ni wakili, na mama yao aliyekuja kutusalimia, mvua ikamzuia kurudi. Wote watatu ni Walutheri wa Machame. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho. Kwa asiyejua Uchagani: mlima ni mmoja, ila wamisionari waligawana miteremko, na hadi leo ukitaja unakotoka mtu anakisia unasali wapi kabla hujamwambia. Na filamu niliyoiweka ni I Confess ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, inayomhusu padre anayemjua muuaji lakini hawezi kumtaja kwa sababu habari aliipata kwenye maungamo.

Hata robo saa haijafika, shemeji akakunja miguu kwenye kochi, akasema, "Si aseme tu?"

Nikamwambia hawezi.

"Hawezi au hataki, shemeji?"

"Hawezi."

"Nani kamfunga mdomo?"

Hapo nikajua usiku utakuwa mrefu.

Ambao hamjaiona mnisamehe. Filamu ina zaidi ya miaka 70, na ninachotaka kusema hakisemeki bila kuisimulia mpaka mwisho. Mji ni Quebec, Kanada, mji wa mawe, wa ngazi nyingi na minara mingi ya makanisa. Picha za mwanzo zinatuonyesha vibao vya barabarani vyenye mshale, vimeandikwa DIRECTION, kimoja baada ya kingine, vyote vinaelekeza upande mmoja, mpaka tunafikishwa kwenye dirisha lililo wazi na maiti sakafuni. Marehemu ni mwanasheria aitwaye Villette. Anayetoka mle ndani amevaa kanzu ya padre, na wasichana wawili wadogo wanamwona akipita. Mbele kidogo, gizani, anaivua. Kumbe ni Otto Keller, mkimbizi wa Kijerumani anayetunza kanisa, akiishi na mkewe Alma kwenye nyumba ya mapadre. Alikwenda kuiba, mwenye nyumba akamfuma, akamuua. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo yenyewe ndiyo iliyoazimwa.

Usiku uleule Keller anaingia kanisani. Padre Michael Logan, kijana aliyepigana vita kisha akaingia upadre, anamwona kwa dirishani, anashuka kumfuata. Keller anaomba kuungama, anapiga magoti, anasema yote. Kesho yake polisi wanatafuta padre. Na bahati mbaya Logan ana sababu nzuri sana ya kushukiwa: Villette alikuwa akimtisha mwanamke aitwaye Ruth Grandfort, mke wa mwanasiasa, kwamba atatoboa habari za mapenzi yake ya zamani na Logan, kabla Logan hajawa padre. Ruth, kwa kutaka kumwokoa, anawaambia polisi kwamba usiku wa mauaji walikuwa pamoja, saa tatu mpaka saa tano. Uchunguzi wa maiti unaonyesha kwamba Villette alikufa saa tano na nusu. Kwa hiyo mama wa watu ameaibika, ndoa yake imetikisika, na ushahidi wake umewapa polisi kitu kimoja tu walichokuwa wakikikosa: sababu ya padre kuua.

Shemeji hakujua kwamba swali lake lilikwisha kumkosesha raha mwenye filamu mwenyewe. Hitchcock alizaliwa London mwaka 1899 katika familia ya Kikatoliki na akasomeshwa na Wajesuiti. Miaka kadhaa baadaye, akizungumza na François Truffaut, mtengenezaji filamu wa Kifaransa, alikiri kwamba filamu hii haikupaswa kutengenezwa. Hoja yake ilikuwa kwamba sisi Wakatoliki tunajua padre hawezi kufungua siri ya maungamo, lakini Waprotestanti na wasioamini watacheka na kusema hakuna mtu wa kukubali kunyongwa kwa jambo kama hilo. Yaani Hitchcock, aliyewafanya watu waogope kuoga kwa filamu yake Psycho, alishindwa na shemeji yangu.

Mimi sikubaliani naye. Nadhani tatizo si kwamba watu wasio Wakatoliki hawaamini. Tatizo ni kwamba tunatazama mdomo wa padre, tukisubiri ufunguke, wakati filamu iko mahali pengine kabisa. Lakini hilo sikuligundua mimi. Nitamtaja mwenyewe baadaye.

Kwanza niseme kitubio, yaani sakramenti ya kuungama, tulivyokifahamu sisi. Kwenye filamu kuna kile kibanda cha mbao kizito, chenye giza na wavu, na mtu anadhani siri inalindwa na mbao. Kigangoni kwetu hapakuwa na kibanda. Padre alikuja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, akavaa stola ya zambarau juu ya nguo yenye vumbi, akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi. Katekista alipanga mstari kuanzia kwenye pembe ya kanisa, kama hatua 20 hivi, na kazi yake kubwa ilikuwa kutusukuma nyuma: "Rudini! Rudini! Dhambi za mwenzio zinakuhusu nini?" Siri ililindwa na hatua 20 na adabu. Kulikuwa na bibi mmoja mzito wa masikio ambaye hakujua kunong'ona. Akipiga magoti pale, katekista alianzisha wimbo, na mstari mzima ulikuwa ukiimba kwa nguvu mpaka bibi anyanyuke. Hatukuambiwa kwa nini. Tuliimba tu. Nilipokuja kusoma sheria za Kanisa ukubwani nilikuta kwamba yeyote aliyesikia maungamo ya mtu mwingine, hata kwa bahati, naye anabanwa na siri ile, kama vile mkalimani anavyobanwa. Kumbe zile nyimbo zilikuwa sheria.

Watoto tulikuwa na ushenzi wetu. Tulihesabu muda ambao mtu amekaa akisali malipizi yake, zile sala alizopewa na padre baada ya kuungama; aliyechelewa kunyanyuka, basi alikuwa na makubwa.

Mwezi mmoja, nikiwa na miaka kama kumi, niliungama kwamba nimekuwa nikiiba mayai ya bibi yangu na kuyauza dukani. Padre akanipa malipizi, akaniambia nirudishe kwa njia yoyote niwezayo, akanyanyua mkono: nami nakuondolea dhambi zako. Nikaondoka mwepesi. Saa saba mchana, kumbe zamu ya kumlisha padre ilikuwa ya nyumbani kwetu. Bibi akamkaangia mayai. Akasimama mbele yake, mikono kwenye kanga, akaanza kulalamika kwamba kuku wake siku hizi wana nini sijui, hawatagi kama zamani, labda kuna kicheche. Nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa. Sijawahi kushika kitu kizito kama jagi lile.

Padre akasema, "Mayai matamu, Mama."

Hakunikazia macho. Na msinielewe vibaya: hakuniepuka pia. Angeniepuka ningejua, na pengine bibi naye angejua. Aliniangalia vilevile ambavyo angeniangalia kama mimi ni mtoto yeyote mwenye jagi. Nimekutana na waigizaji wengi kwenye skrini tangu siku ile, na sijaona aliyemfikia.

Sheria yenyewe ni ya kale. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulioagiza kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka, uliagiza pia kwamba padre atakayefichua dhambi aliyoisikia avuliwe upadre na afungiwe kwenye monasteri kali afanye toba maisha yake yote. Kanuni za sasa, za mwaka 1983, namba 983, zinasema ni haramu kabisa kumsaliti mwenye kutubu kwa maneno au kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Padre akiivunja siri hiyo moja kwa moja, anajitenga na Kanisa palepale, bila kusubiri hukumu ya mtu, na kumrudisha ni kazi ya Kiti cha Kitume, yaani Papa na ofisi zake. Siri inabana hata kama ondoleo la dhambi halikutolewa, hata kama mwenye kuungama hana majuto hata chembe, kama Keller ambaye kadiri siku zinavyokwenda anageuka kuwa mtesaji wa padre wake. Hayo watu wengi wameyasikia. Wasichokisikia ni kanuni inayofuata, ya 984: padre haruhusiwi kuitumia habari aliyoipata kwenye kitubio kwa namna ya kumdhuru aliyeungama, hata pale ambapo hakuna hatari ya siri kujulikana. Hawezi kumwachisha kazi mpishi aliyeungama kuiba sukari. Hawezi hata kuanza kufunga kabati ambalo jana hakulifunga.

Kwa hiyo kinachobanwa ni mwili mzima wa mtu, mdomo ni sehemu moja tu. Na hilo ndilo filamu inalolionyesha vizuri kuliko nyingine yoyote niliyoiona ya mapadre. Montgomery Clift, anayemwigiza Logan, hana maneno mengi. Kazi yake ni kupaka rangi ukuta wakati Keller anamzunguka akimchokoza, ni kutembea barabarani na kanzu yake, ni kusimama mbele ya dirisha la duka lenye suti ya kiraia na kuitazama kidogo kuliko inavyotosha. Kuna picha moja anapita chini kabisa, mdogo kama siafu, na mbele ya kamera kuna sanamu ya Yesu akibeba msalaba. Hapo Hitchcock alizidisha chumvi, na sitamtetea.

Clift alikuwa wa ile shule ya waigizaji wanaotaka kujua undani wa kila tendo, na Hitchcock alitaka mtu ageuze shingo anapoambiwa. Hitchcock mwenyewe alisimulia kwamba alimwomba Clift, akitoka mahakamani, atazame juu, ili sisi tuone hoteli iliyo ng'ambo. Clift akajibu kwamba hana hakika kama padre huyu angetazama juu saa ile. Hitchcock akamwambia atazame tu, na afanye haraka. Ninamwelewa Hitchcock, maana hoteli ile, Château Frontenac, ndimo filamu itakamoishia na lazima tuione. Lakini moyo wangu uko kwa Clift. Mtu aliyezoea kuangalia macho yake yanakwenda wapi, wiki nzima, hawezi tu kuyainua ghafla.

Sasa nirudi sebuleni. Mama mkwe hajui Kiingereza, na ile nakala yangu haikuwa na tafsiri. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua maharage, na mimi nilidhani yuko nasi kwa heshima tu. Shemeji na mimi tulikuwa tukibishana kila dakika tano. Ikafika ile asubuhi ya kahawa. Mapadre wako mezani wanapata kifungua kinywa, wanaongea mambo madogo madogo ya nyumba yao, na Alma, mke wa Keller, anawazunguka akimimina kahawa. Maneno hayana uzito wowote. Shemeji akatumia nafasi ile kufungua simu.

Mama mkwe akasema, bila kuacha maharage yake, "Huyu mama wa kahawa anajua."

Nikarudisha nyuma. Kweli. Kamera haina habari na mazungumzo. Inamfuata Alma akipita nyuma ya migongo ya mapadre, na macho yake hayatoki kwa Logan. Anataka kujua kama padre anajua, na kama anajua, atafanya nini. Na Logan anakunywa kahawa. Nikakumbuka yale mayai mara moja, kama mtu aliyepigwa kofi. Nilikuwa nimeiona filamu hii mara mbili kabla ya usiku ule na nilikuwa nikisikiliza mapadre wanasema nini. Mama mkwe, kwa kuwa hakuelewa neno, alikuwa akitazama watu.

Tangu hapo tukawa tunamuuliza yeye. "Mama, na huyu?" Huyu ni Inspekta Larrue, anayeigizwa na Karl Malden, mwenye pua yake ile. "Huyu ameshamkamata mtu wake moyoni, sasa anatafuta kamba." Kuna picha ambayo Larrue anaongea na Keller ndani ya nyumba ya Villette, na jicho moja tu la Larrue linatokeza nyuma ya kichwa cha Keller, linamwona Logan nje, barabarani. Jicho linaacha kusikiliza. Muuaji yuko mbele ya pua yake, na jicho limepita juu ya bega lake kwenda kumtafuta asiye na hatia. Mama akaguna.

Logan akiwa kizimbani, umeme ukakatika.

Ilikuwa kama dakika 40 za giza, mshumaa mmoja, na wakili asiyeweza kukaa kimya. Shemeji alikuwa na hoja nzuri, lazima nikiri. Alisema yeye pia anatunza siri za wateja, na sheria inamlinda, ila siri yake ina milango: mteja akimwomba amsaidie kutenda uhalifu, hiyo si siri ya wakili tena. "Sisi tumeweka milango kwa sababu tunajua watu. Nyinyi mmejenga ukuta." Nikamwambia ukuta wetu una watu waliokufa chini yake. Nikamtajia Mateo Correa Magallanes, padre wa Mexico aliyepigwa risasi mwaka 1927 kwa kukataa kumwambia mkuu wa jeshi yale ambayo wafungwa walimwungamia. Nikamtajia na Yohane wa Nepomuk, aliyetupwa mtoni Prague mwaka 1393 kwa amri ya mfalme, ambaye mapokeo yanasema alikataa kutoboa maungamo ya malkia. Shemeji, mtu wa mafaili, akatafuta kwenye simu yake yenye asilimia tisa za chaji, akanisomea kwamba wanahistoria wanaona ugomvi halisi ulikuwa wa nani awe abati, yaani mkuu, wa monasteri fulani. Halafu akacheka peke yake. Ulimi wa mtakatifu uliokutwa kaburini haujaoza, uliowekwa kwenye chombo cha thamani na kuheshimiwa tangu karne ya 18, ulipimwa mwaka 1973 ikaonekana ni ubongo.

Mke wangu akasema afadhali ubongo. Kufunga ulimi ni kazi ya kichwa.

Lakini shemeji alinishika pabaya kwenye jambo jingine. Akauliza: hivi Quebec yenyewe, sheria ilimruhusu padre akae kimya? Nikamjibu nilichokuwa nakijua: mkataba wa haki wa jimbo la Quebec wa mwaka 1975, kifungu cha tisa, unasema wazi kwamba padre au mhudumu mwingine wa dini hatatoa siri aliyoambiwa kwa sababu ya kazi yake, hata mahakamani. "Mwaka 1975," akasema. "Huyu wako yuko kizimbani 1952." Na Kanada ya wakati huo ilikuwa bado inanyonga. Waliacha kunyonga mwaka 1962 na kuifuta adhabu yenyewe 1976. Ndiyo maana kwenye filamu hakuna anayemwambia Logan, "Una haki ya kunyamaza kama padre." Hawezi hata kuwaambia kwamba anachoficha ni maungamo, kwa sababu akishasema "nilimsikia mtu kwenye kitubio usiku ule," ameshamtaja. Ni wangapi walioungama usiku wa manane?

Kuna jambo la nje ya filamu ambalo nililisimulia gizani na ambalo bado linanikera. Hadithi inatoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Kifaransa wa mwaka 1902, Nos deux consciences. Katika mpango wa mwanzo wa Hitchcock, Logan alikuwa na mtoto na Ruth, mtoto wa nje ya ndoa, na mwishoni padre ananyongwa. Wenye studio, Warner Bros., wakaogopa Kanisa na wakaguzi wa filamu. Mtoto akafutwa, kamba ikafutwa. Kisha Hitchcock akamwita Anita Björk, mwigizaji wa Sweden, aje kuwa Ruth. Akatua Marekani na mwenzi ambaye hawajafunga ndoa, na mtoto wao. Warner Bros. wakamrudisha kwao, nafasi yake ikachukuliwa na Anne Baxter. Kwa hiyo walimfukuza mtoto kwenye karatasi, akaja mwingine kwa ndege, wakamfukuza na yeye. Filamu ya siri ya dhambi ilitengenezwa na watu walioogopa dhambi isiyofichwa. Na ilipofika Quebec kuonyeshwa, mji uleule ulioifadhili kwa ngazi na makanisa yake, wakaguzi wa huko nao wakaikata vipande.

Umeme ukarudi.

Niliitazama tena. Ilikuwa siku tatu baadaye, peke yangu, na safari hii nilimfuata Alma tu, kama kamera ilivyomfuata kwenye kahawa. Anaigizwa na Dolly Haas, mwanamke mdogo wa umbo, mzaliwa wa Hamburg, ambaye mwenyewe aliihama Ujerumani ya Hitler, kwa hiyo ukimbizi ule hakuhitaji kufundishwa. Keller anapoungama, anachosema kuhusu sababu ya kuiba ni yeye: kwamba alichoka kumwona mkewe akifanya kazi namna ile, kwamba alitaka wawe watu tena na si wakimbizi. Yaani mauaji yalifanywa kwa jina lake bila kuulizwa. Halafu akitoka kanisani anakwenda kumwambia na yeye. Mara moja usiku ule Keller anaitua siri mabega mawili: la padre, na la mkewe.

Na bega la mkewe halikuwa na chochote cha kulikinga. Logan ana Mtaguso wa 1215. Ana kanuni, ana watakatifu, ana Yohane wa Nepomuk na zile nyota anazochorwa nazo kichwani, ana mamilioni ya watu kama mimi ambao tukimwona kizimbani tunajua anafanya nini na tunamheshimu. Akinyongwa, sisi wenyewe tutamwita shahidi wa imani. Alma hana sakramenti. Alichoambiwa kitandani na mumewe hakina muhuri. Anaruhusiwa kusema asubuhi ile ile, akiwa ameshika birika la kahawa, na kila siku asiyosema ni yake mwenyewe, hakuna Kanisa la kuibeba pamoja naye. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini kata haina haki ya kukataa kutumbukizwa.

Kwenye parokia yetu kulikuwa na mama mpishi aliyehudumia mapadre kwa miaka mingi sana. Maparoko walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki. Alijua nani ana kisukari na anakula keki usiku, nani anapokea simu nje kwenye migomba, nani analia. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo. Alipofariki tulimzika vizuri, kwaya ikaimba, padre akahubiri juu ya utumishi wake jikoni. Mkate, chai, usafi wa vyombo. Hakuna aliyesema juu ya kimya chake.

Nimalizie usiku wa kwanza. Mahakamani baraza la raia wanaoamua kesi linaona ushahidi hautoshi, Logan anaachiwa, na jaji anasema hadharani kwamba yeye hakubaliani na uamuzi huo. Nje umati unamzomea. Wanamsukuma, wanamwambia avue kola yake. Clift anatembea katikati yao na uso uleule wa kwenye kahawa. Alma anamwona. Hapo ndipo anaposhindwa; anachomoka kwa mumewe, anakimbilia kwa padre, anapiga kelele kwamba huyu hana hatia, na Keller anampiga risasi mbele ya watu wote. Anakufa mikononi mwa Logan, akimwomba msamaha.

Shemeji alikuwa ameinuka kwenye kochi. Mama mkwe alisimamisha mikono juu ya ungo, akatazama mpaka Logan alipomaliza kumwombea yule mama. Kisha akakusanya maharage yake, mabovu upande huu na mazima upande huu, akanyanyuka.

"Mama, haijaisha," nikamwambia. "Kuna dakika kama kumi. Wanamkimbiza hotelini."

"Wanamkimbiza nani?"

"Yule mwanamume. Muuaji."

"Yeye atakamatwa," akasema. "Mimi nalala, wanangu." Akachukua mshumaa ingawa umeme upo, akaenda chumbani.

Tukabaki watatu. Keller akaingia kwenye ukumbi mkubwa wa Château Frontenac, na kwa kuwa aliamini padre amekwisha kumtaja, akajitaja mwenyewe kwa sauti, mbele ya Larrue na wote, maneno ambayo Logan hakuyasema filamu nzima. Polisi wakampiga risasi. Naye akafia mikononi mwa Logan, naye akaomba msamaha. Shemeji akauliza kama nina filamu nyingine.